Nukta isiyoonekana juu ya kichwa cha mfalme: kuutambua muhuri wa shilingi ya 1787

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Uingereza, na mwaka jana nilinunua shilingi mbili za fedha za mfalme George wa Tatu, zote za mwaka 1787. Moja ina mioyo midogo ndani ya mojawapo ya ngao zake, na nyingine siioni mioyo hiyo. Hiyo ya pili haina pia nukta juu ya kichwa cha mfalme, na aliyeniuzia alisema kwamba kwa sababu hiyo ni adimu. Lakini kila nikiitazama naona mambo mengi: mikwaruzo, mistari myembamba, herufi moja inayoonekana kama imepigwa mara mbili. Nitatofautishaje kilichotoka kiwandani na kilichotokea baadaye?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba umeuliza namna ya kutambua kabla ya kuuliza bei, kwa kuwa bei ya sarafu kama hii haina maana yoyote mpaka ijulikane imetoka kwenye muhuri gani. Suala la mioyo utalimaliza leo ukiwa mezani pako. Suala la nukta ni gumu zaidi, na ukikodolea macho mahali ilipopaswa kuwa hutapata jibu. Jibu lake limo katika herufi za jirani, na huko ndiko nitakakotumia maneno mengi.

Kwanza tuelewane kuhusu muhuri. Sarafu ilipigwa kati ya vipande viwili vya feleji, kimoja juu na kimoja chini, kila kimoja kikiwa kimechongwa picha na maandishi kwa kinyume, na vipande hivyo ndivyo ninavyoviita mihuri. Mwaka 1787 kazi hiyo ilifanyika ndani ya Mnara wa London, kwa mashine za skrubu zilizozungushwa kwa nguvu za mikono ya watu, na mchongaji wa shilingi hii alikuwa Lewis Pingo. Sura ya mfalme iliingizwa kwenye muhuri kwa panchi, yaani kipande cha feleji chenye umbo lililoinuka kinachogongwa kwenye muhuri, kubwa na yenye picha nzima, lakini maandishi ya pembeni hayakuingizwa kwa pamoja. Fundi alishika panchi ya herufi G, akaigonga kwa nyundo. Akashika ya E, akaigonga. Akaendelea hivyo mpaka GEORGIVS III DEI GRATIA ikatimia, na nukta zilizoyatenga maneno zikagongwa moja moja vilevile. Ndipo muhuri ulipokazwa kwa moto na maji, na baada ya hapo kuurekebisha kukawa shida.

Maelezo hayo ndiyo msingi wa kila jambo nitakalokuambia. Mkono wa mtu haugongi mara mbili mahali pale pale kabisa. Kwenye muhuri mmoja herufi D itainama kidogo kushoto, kwenye mwingine itasimama wima lakini iwe juu ya wenzake kwa unene wa uzi. Nukta moja itakaribia herufi iliyotangulia, nyingine itakaa katikati. Kwa hiyo kila muhuri una mpangilio wake wa herufi usiofanana na wa muhuri mwingine, na kila sarafu iliyopigwa kwa muhuri huo inaubeba mpangilio huo maisha yake yote, hata ikilika.

Sasa, unachokiona kwenye sarafu yako kinaweza kuwa kimeingia katika hatua yoyote kati ya tatu: wakati muhuri unatengenezwa, wakati sarafu inapigwa, au baada ya sarafu kutoka kiwandani na kuanza safari yake ya mifukoni na kwenye makasha ya maduka. Tofauti ya muhuri, ambayo ndiyo wakusanyaji wa sarafu huitafuta na kuilipia, ni ile ya hatua ya kwanza peke yake.

Mikwaruzo yako itakusaidia kuanza. Kwa kuwa muhuri ni kinyume cha sarafu, kitu kilichozama kwenye muhuri hutokea kikiwa kimeinuka kwenye sarafu. Mkwaruzo uliotokea kwenye muhuri, au ufa uliopasuka ndani yake kwa sababu ya mapigo mengi, utauona kwenye fedha kama mstari mwembamba ulioinuka, mfano wa mshipa mgongoni mwa kiganja. Mkwaruzo wa mfukoni, kisu au funguo utakuwa mfereji uliozama. Zima taa ya darini, washa taa ndogo ya mezani, ilaze mpaka mwanga uje kutoka ubavuni, kisha zungusha sarafu polepole chini ya lenzi inayokuza mara 10. Mstari ulioinuka hutupa kivuli chake upande ulio mbali na taa. Mfereji huwa na kivuli kwenye kingo yake iliyo karibu na taa. Jizoeze kwenye sarafu yoyote ya bei ndogo mpaka jicho lisidanganyike, maana chini ya lenzi ni rahisi sana kuona shimo ukadhani ni kilima.

Kuhusu herufi iliyoonekana mara mbili, zipo sababu tofauti, na moja tu ndiyo ya muhuri. Fundi akigonga panchi vibaya na kurudia, umbo la kwanza hubaki likichungulia pembeni mwa la pili, likiwa na kingo zake zenyewe na mgongo wa mviringo kama wa herufi halali. Lakini muhuri ukitikisika kwa unyoya wakati wa kuachana na sarafu, ubavu wa herufi hukwanguliwa ukawa kama ngazi fupi bapa inayong'aa. Hiyo si tofauti ya muhuri na haiongezi thamani. Sarafu ikipigwa mara mbili huku imeteleza, basi upande mzima huonyesha uradidi, si herufi moja. Kwa maelezo yako, kwamba ni herufi moja tu, ama fundi alirudia kugonga au muhuri ulitikisika, na umbo la kingo ndilo litakaloamua.

Makosa ya panchi ya namna hiyo yamejaa katika fedha ya Uingereza, na baadhi yake yananigusa kwa sababu nauona mkono wa mtu aliyekuwa na haraka. Katika kubadilisha fedha kuukuu kulikofanyika mwaka 1696 na 1697 chini ya William wa Tatu, viwanda vya muda vilifunguliwa Bristol, Chester, Exeter, Norwich na York ili kusaidia kile cha London, na zipo shilingi za wakati huo ambazo mahali pa V fundi aligonga panchi ya A iliyogeuzwa juu chini, hivi kwamba ukikuza jina la mfalme unaukuta ule mstari wa katikati wa A ukining'inia ndani ya V. Shilingi za 1817 zipo zilizoandikwa GEOE badala ya GEOR. Za 1820 zipo ambazo herufi I katika neno HONI, la kwanza katika kauli ya Kifaransa iliyoizunguka ngao, imegongwa juu ya S. Neno linalofuata ni SOIT, na mimi huamini kwamba mawazo ya fundi yalikuwa yamekwisha kuruka kwenye neno hilo kabla mkono haujafika. Hata mwaka 1888, kwenye ile sarafu kubwa ya shilingi nne, zipo zilizopigwa kwa muhuri ambao I ya pili katika VICTORIA ni tarakimu 1 iliyogeuzwa kichwa chini. Huhitaji kuzijua zote. Ninazitaja ili uone kwamba zote zina asili moja, yaani panchi moja, mkono mmoja, na pigo moja la nyundo.

Turudi kwenye shilingi zako, na tuanze na mioyo. Upande usio wa mfalme una ngao nne zilizopangwa kwa msalaba, na mataji katika pembe zilizo kati yake. Itafute ngao yenye farasi anayekimbia, kisha izungushe sarafu mpaka farasi huyo asimame sawasawa kwa miguu yake. Hiyo ndiyo ngao ya Hanover, nchi ya Ujerumani ambayo wafalme hawa waliitawala pamoja na Uingereza, na ndiyo maana maandishi ya pembeni yana herufi B. ET. L. D., yaani mtawala wa Brunswick na Lüneburg. Farasi yuko chini. Juu yake, kushoto kwako, kuna simba wawili wa Brunswick. Kulia kwako kuna simba mmoja aliyesimama kwa miguu ya nyuma, huyu wa Lüneburg. Na katikati, juu ya mahali wanapokutana wote, kuna kingao kidogo chenye taji. Kwa sheria za ngao za Ulaya, simba wa Lüneburg alipaswa kuzungukwa na mioyo myekundu iliyotawanywa. Basi kwenye sarafu tazama nafasi iliyo wazi kumzunguka simba huyo mmoja. Kama mioyo ipo, utaona vijitone vilivyoinuka vyenye umbo la kopa la karata, ncha ikiwa chini. Kama haipo, nafasi ile ni tupu na laini.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu mioyo ni midogo na sarafu ina zaidi ya miaka 230. Usiseme "haipo" kabla hujawauliza majirani. Mtazame simba mwenyewe: je, ulimi, makucha au nywele zake bado vinaonekana? Kitazame kile kingao cha katikati: je, taji lake bado lina umbo? Ikiwa vitu hivyo vidogo vimesalimika na mioyo haionekani, basi haikuwapo tangu mwanzo, na unaweza kuandika "bila mioyo" kwa moyo mweupe. Ikiwa simba amekuwa doa tu, sarafu imelika mno na haina ushahidi wa kutosha. Hapo mtu mwaminifu huacha nafasi hiyo wazi kwenye kumbukumbu zake. Na ujue kwamba shilingi za mioyo na zisizo na mioyo zote ni za kawaida, kwa hiyo usimlipe mtu ziada kwa ajili ya tofauti hii. Raha yake ni katika kuielewa. Ngao nne pamoja na alama zake zilihusu upande mzima wa sarafu, hivyo mioyo inagawa mihuri mingi katika makundi mawili makubwa, wakati nukta ni habari ya muhuri mmoja mmoja.

Sasa nukta. Ni kweli kwamba ipo shilingi ya 1787 isiyo na nukta juu ya kichwa cha mfalme, na ni adimu kuliko ndugu zake. Ipo nyingine isiyo na nukta kwenye mwaka, na nyingine isiyo na nukta kabisa upande wa mfalme. Isiyo na nukta juu ya kichwa inajulikana kwa ngao isiyo na mioyo, kwa hiyo sarafu yako haipingani na maelezo ya muuzaji. Lakini kutopingana hakujawa uthibitisho. Nukta inaweza kukosekana kwa sababu tatu: fundi aliisahau, tundu lake kwenye muhuri liliziba, au mtu aliiondoa baadaye kwenye fedha yenyewe.

Kuziba kulikuwa jambo la kila siku. Mihuri ilipakwa mafuta, mafuta yalichanganyika na vumbi la chuma, na mchanganyiko huo ukashindiliwa na kila pigo mpaka ukawa mgumu kama nta ndani ya matundu madogo. Nukta ndiyo tundu dogo kuliko yote, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuziba. Sarafu iliyopigwa wakati huo hutoka bila nukta, au hutoka na kivimbe kidogo sana kisichofikia urefu wa nukta nyingine. Kwa mwanga wa ubavuni kivimbe hicho mara nyingi huonekana kama kivuli hafifu cha mviringo. Tena kuziba huwa hakuchagui nukta moja peke yake. Angalia kama tumbo la herufi jirani limejaa, au kama herufi moja imetoka dhaifu upande ule ule.

Kuondoa ni ulaghai, na hufanywa. Mwenye patasi nyembamba hukwangua nukta mpaka ikawa sawa na uwanja, kisha hulainisha. Ila uwanja wa sarafu iliyokaa karne mbili una rangi yake ya kijivu iliyotulia, na mahali palipokwanguliwa rangi hiyo hukatika. Patakuwa na kibonde kidogo, au mistari myembamba ya kulainishia inayokwenda upande mmoja, au weupe usiolingana na pembeni.

Ishara hizo zote bado ni za kudhania. Kipimo kinachokata shauri ni ule mpangilio wa herufi niliouzungumzia. Tafuta picha kubwa na safi ya shilingi isiyo na nukta ambayo imekwisha kuthibitishwa, ikiwa imetoka kwenye mnada mkubwa au jumba la makumbusho, na picha kadhaa za shilingi za kawaida zenye nukta. Piga picha ya sarafu yako ikiwa imelala bapa, kamera ikiwa juu yake moja kwa moja. Kisha chukua rula uipime picha yako: ukiunyoosha mguu wa I ya katikati katika III, unagusa shada la majani kichwani mwa mfalme mahali gani? Herufi D ya DEI imeinama wapi, na kuna nafasi gani kati yake na E? A ya mwisho ya GRATIA iko mbali kiasi gani na kifua? Chagua vipimo vitano au sita, viandike, halafu vifuate kwenye zile picha nyingine.

Mpangilio ukilingana kwa kila kipimo na ule wa sarafu iliyothibitishwa, basi sarafu yako imezaliwa na muhuri ule ule, na nukta haikugongwa kamwe. Ukilingana na wa sarafu yenye nukta, jambo limekwisha pia, ingawa si kwa namna uliyoitamani: muhuri ulikuwa na nukta, na yako ama iliziba au iliondolewa. Usipolingana na yoyote, endelea kutafuta, kwa maana mihuri ilikuwa mingi, na wakati huo jina linalofaa ni "nukta haionekani" badala ya "haina nukta".

Niliwahi kununua shilingi ya namna hii kwa bei ya adimu. Nilikuwa nimeitazama nukta kwa lenzi kwa nusu saa nzima nikaridhika. Miezi kadhaa baadaye, nikipanga picha zangu, niliona kwamba sarafu hiyo na nyingine ya kawaida niliyokuwa nayo siku zote, zote mbili zilikuwa na ufa ule ule ulioinuka, ukianzia kwenye meno ya ukingoni na kupita kati ya herufi mbili kwa pembe ile ile. Ule ufa ulikuwa mfupi kwenye yenye nukta na mrefu zaidi kwenye isiyo nayo. Ufa wa muhuri hukua, haupungui. Kwa hiyo ile yenye nukta ilipigwa kwanza, kisha tundu likaziba, kisha yangu ikapigwa. Siku hiyo niliumia kwa fedha niliyoitoa, lakini niliiona siku nzima ya kazi ya muhuri mmoja ikiwa imelala mbele yangu katika vipande viwili vya fedha, na tangu hapo huwa naanza na herufi, nukta inafuata.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, hakikisha kwamba sarafu zote mbili ni halali. Enzi hizo ratili moja ya fedha, ile ya gramu 373, ilikatwa shilingi 62, hivyo kila moja ilikuwa na gramu 6.02 ilipotoka mpya. Tangu 1816 zilikatwa 66 na uzito ukashuka hadi gramu 5.65. Shilingi ya 1787 iliyotumika itakuwa imepungua kidogo chini ya 6, na ikizidi uzito wa awali, shuku. Kisha fanya jaribio la maji, ambalo sonara yeyote mzuri analijua. Weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, irudishe kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi wa kushonea, uizamishe yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Kwa fedha ya kiwango cha Uingereza, yenye sehemu 925 za fedha safi katika 1,000, sarafu ya gramu 6 itasoma karibu 0.58. Shaba iliyopakwa fedha yenye uzito huo huo itasoma karibu 0.67. Ikaushe kwa kitambaa laini kwa kuigusagusa, bila kusugua.

Na tafadhali, usiisafishe. Ninajua sisi tumelelewa kuvisugua vyombo kwa majivu na ndimu mpaka ving'ae, na bangili ya fedha ikiingia weusi tunaipeleka ikasafishwe, lakini kwenye sarafu weusi huo ndio unaotuonyesha kama nukta ilikwanguliwa jana au haikuwapo tangu 1787. Ukiuondoa, umemfukuza shahidi wako kabla ya kesi.

Kuna jambo moja zaidi linalohusu mwaka wenyewe. Katika sehemu kubwa ya utawala wa George wa Tatu, kiwanda kilipiga fedha kidogo mno, na shilingi hizi za 1787 zilipigwa kwa ajili ya Benki ya Uingereza, iliyozitoa kwa wateja wake wakati wa Krismasi. Mwaka 1798 wenye benki wa kampuni ya Dorrien na Magens walipeleka fedha yao kiwandani ipigwe shilingi za sura hii hii. Serikali ikasimamisha kazi na zilizokwisha kupigwa zikayeyushwa, isipokuwa chache mno zilizoponyoka. Kwa hiyo mtu akikuonyesha shilingi kama yako yenye tarakimu 1798, shughulikia tarakimu hizo kwa lenzi na kwa mwanga wa ubavuni kwa muda mrefu kuliko ulivyoshughulikia nukta, maana kuchonga 87 ikawa 98 kunamlipa mlaghai zaidi ya kufuta kidoa.

Kwa sasa, kwenye bahasha ya sarafu ya kwanza andika: "1787, na mioyo." Kwenye ya pili andika: "1787, bila mioyo, nukta juu ya kichwa haionekani," pamoja na uzito, tarehe uliyoipima, na vile vipimo vyako vitano au sita vya herufi. Ukipata picha ya sarafu iliyothibitishwa na vipimo vikalingana, kata neno "haionekani" na uandike "haikugongwa".